Kabla ya Wastani, Tazama Umbo

Kama karatasi na kalamu viko karibu nawe, vichukue, kwa maana mazungumzo ya leo ni ya namba, na namba hueleweka vizuri zaidi pale mkono unapoziandika. Tuchukulie shule yenye mikondo miwili ya kidato kimoja, A na B, na kila mkondo una wanafunzi kumi waliofanya jaribio lile lile la alama mia moja. Wa mkondo A wamepata 44, 46, 48, 49, 50, 50, 51, 52, 54 na 56. Wa mkondo B wamepata 20, 21, 23, 24, 25, 75, 76, 77, 79 na 80. Jumlisha alama za A, utapata 500. Jumlisha za B, utapata 500 vilevile. Gawanya kwa kumi, na wastani ni 50 huku na 50 kule. Tafuta alama ya katikati, ile inayoigawa orodha nusu kwa nusu, nayo ni 50 huku na 50 kule. Ripoti ya mstari mmoja itakayofika mezani kwa mkuu wa shule itasema kwamba mikondo hii inalingana. Mwalimu atakayeiamini ripoti hiyo ataandaa somo la kumfaa mwanafunzi wa alama 50, kisha aingie nalo mkondo B, ambako mwanafunzi wa alama 50 hayupo kabisa. Walio karibu naye zaidi wako umbali wa alama 25, mmoja juu na mwingine chini.

Hoja yangu leo ni kwamba kuchora takwimu ndiyo hatua ya kwanza ya kufikiri juu yake, na kwamba tumewazoesha wanafunzi wetu kuiona kazi hiyo kama mapambo. Tazama jinsi somo lenyewe lilivyopangwa. Katika muhtasari wa Hisabati uliotumika Tanzania kwa miaka mingi, mwanafunzi wa sekondari alijifunza kuwasilisha takwimu akiwa kidato cha pili: takwimu kwa picha, grafu za mihimili, grafu ya duara, jedwali la marudio, histogramu. Kisha akapanda kidato cha tatu, na huko ndiko alikokutana na wastani, alama ya katikati na ile inayojirudia mara nyingi. Mwaka mzima ulipita kati ya jicho na hesabu. Alipofika kwenye hesabu, grafu zilikwisha kuwa kazi ya rula na penseli za rangi, kitu cha kuchorwa kwa usafi ili kupata alama za usafi. Hakuna aliyemwambia kwamba vitu hivi viwili ni kazi moja, na kwamba wastani unaokokotolewa kabla ya kutazama umbo la takwimu ni jibu la swali ambalo bado halijaulizwa. Wahenga walituambia tusione vyaelea, kwani vimeundwa. Wastani nao umeundwa, na mwenye kuupokea ana haki ya kuuliza umeundwa kwa mbao zipi.

Najua jibu litakalokuja haraka kutoka kwa mwalimu wa hisabati aliyebobea. Atasema kwamba mfano wangu wa mikondo miwili ni mwepesi mno, kwa sababu hakuna mtaalamu anayeridhika na wastani peke yake. Yeye hupima pia mtawanyiko, yaani namba zimesambaa umbali gani kutoka kwenye wastani, na kipimo hicho kingeitofautisha A na B mara moja. Ni kweli kingezitofautisha. Lakini mwaka 1973 mtaalamu wa takwimu Mwingereza, Francis Anscombe, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, alitunga seti nne za takwimu zinazoijibu hoja hiyo hadi mwisho. Kila seti ina jozi 11 za namba. Katika zote nne, wastani wa namba za kwanza ni 9 na wastani wa namba za pili ni 7.5. Mtawanyiko wa namba za kwanza ni ule ule, na wa namba za pili unakaribiana kiasi kwamba hutaona tofauti. Kipimo cha uhusiano kati ya namba za kwanza na za pili ni takriban 0.82 kila mahali. Hata mstari ulionyooka unaozifaa namba hizo zaidi ni mmoja kwa seti zote nne: anza na 3, kisha ongeza nusu kwa kila hatua moja. Mtu aliyefungiwa chumbani na majibu hayo, bila kuziona namba zenyewe, angeapa kwamba ni seti moja iliyonakiliwa mara nne.

Sasa zichore. Seti ya kwanza ni nukta zilizotapakaa kuuzunguka mstari, kama mtu angetarajia. Ya pili ni pindo laini linalopanda kisha linaanza kushuka, wala mstari ulionyooka hauhusiki nalo. Ya tatu ni nukta kumi zilizojipanga sawasawa kwenye mstari mmoja, na nukta moja iliyoruka juu peke yake na kuuvuta mstari wa hesabu upande wake. Ya nne ndiyo inayonishangaza zaidi kila ninapoifikiria: nukta kumi zimesimama wima juu ya namba 8, na nukta moja iko mbali kwenye 19. Uhusiano wote tuliousifu kwa kipimo cha 0.82 unatokana na nukta hiyo moja. Iondoe, na hakuna uhusiano wowote wa kupima, kwa kuwa namba za kwanza zote zilizobaki ni sawa. Anscombe hakuzitunga seti hizi kwa ajili ya kufurahisha watu. Alikuwa anapingana na mazoea ya wakati wake, ya kuamini kwamba hesabu ni sahihi na grafu ni ya kukisia. Alichoonyesha ni kwamba vipimo vya muhtasari, hata vikiwa vitano au sita kwa pamoja, vinaweza kukubaliana kabisa juu ya mambo manne yasiyofanana hata kidogo.

Mtu anaweza kuuliza kama takwimu za kutungwa zinatuhusu sisi tunaoshughulika na mambo halisi. Basi tuchukue mvua. Dar es Salaam hupata mvua ya kiasi cha milimita 1,100 na ushei kwa mwaka. Igawe kwa miezi 12, utapata zaidi kidogo ya milimita 90 kwa mwezi. Sasa utafute mwezi unaofanana na wastani huo. Aprili, kilele cha masika, huleta kiasi cha milimita 250. Julai, Agosti na Septemba kila mmoja huleta takriban 25. Ukichora mihimili 12, mmoja kwa kila mwezi, unaona vilima viwili: kimoja kirefu cha Machi hadi Mei, kingine kifupi cha Oktoba hadi Desemba, na kati yao bonde la kiangazi. Fanya hivyo kwa Dodoma, na kilima ni kimoja tu, cha kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili, kikifuatiwa na miezi ambayo karibu haina mvua kabisa. Mkulima wa pwani na mkulima wa Dodoma wote wanalijua umbo la mvua yao, ndiyo maana hakuna anayepanda kwa kufuata wastani wa mwezi. Anayeweza kukosea ni yule anayekaa ofisini na karatasi yenye namba moja. Mtaro wa barabarani uliojengwa kwa kufikiria milimita 90 kwa mwezi utafurika Aprili na kukaa mkavu Agosti. Na hata mihimili 12 ya wastani wa miezi bado inaficha kitu, kwa sababu kila mhimili umejumlisha miaka mingi pamoja. Mafuriko yaliyoikumba Dar es Salaam Desemba 2011 na kuua makumi ya watu hayaonekani katika mhimili wa Desemba. Ili kuyaona lazima uzitandaze Desemba zote, mwaka kwa mwaka, kila moja na nukta yake.

Lipo pingamizi zito kuliko hayo, na wanaolitoa wana haki ya kusikilizwa. Wanasema grafu hudanganya. Tumeona sote matangazo na kampeni ambamo mhimili mmoja umesimama mara tatu ya mwenzake, kumbe tofauti yao ni asilimia mbili, kwa kuwa mchoraji ameanza kuhesabu kutoka 90 badala ya sifuri. Hata bila nia mbaya, mkono wa mchoraji una nguvu kubwa. Rudi kwenye mikondo yetu miwili na uchore histogramu yenye makundi mawili tu, walio chini ya 50 na walio kuanzia 50 kwenda juu. Mkondo A utakuwa na wanafunzi wanne upande mmoja na sita upande mwingine. Mkondo B utakuwa na watano na watano. Picha hizo mbili zinakaribia kufanana, na ule utengano wa kutisha wa mkondo B umefutika bila mtu yeyote kusema uongo. Punguza upana wa makundi uwe alama kumi kumi, na mara moja A inakuwa kilima kimoja katikati na B inakuwa vilima viwili vyenye uwanda mtupu kati yao. Kwa hiyo ni kweli, mchoro mmoja unaweza kuficha kama wastani unavyoficha.

Hata hivyo kuna tofauti kubwa kati ya maficho haya mawili. Grafu inayoanza kwenye 90 inabeba ushahidi dhidi yake yenyewe: namba zimeandikwa pembeni, na msomaji aliyefundishwa kuzitazama kwanza atakamata hila hiyo kabla ya kuitazama mihimili. Upana wa makundi nao umeandikwa chini ya kila mhimili, na mtu anaweza kuuliza kwa nini umechaguliwa huo. Namba 50, ikisimama peke yake, haina pembeni wala chini. Hakuna mahali pa kuikagua. Kwa hiyo hatari ya grafu inatutaka tufundishe kuzisoma kwa ukali na kuzichora zaidi ya mara moja, kwa upana tofauti, hadi tujue ni umbo gani linalobaki na lipi ni matokeo ya mkono wetu. Haitutaki tuziache.

Na hapa lazima niongeze jambo ambalo vitabu vingi vya mwanzo hulipita kwa haraka. Kabla ya kuuliza mchoro umechorwaje, uliza ni takwimu zipi zimeingizwa ndani yake. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari 1986, wahandisi na mameneja nchini Marekani walijadiliana kwa simu kama chombo cha anga cha Challenger kiruhusiwe kurushwa asubuhi yenye baridi inayokaribia kugandisha maji. Wahandisi walihofia pete za mpira zinazoziba maungio ya roketi za kusukumia, kwamba baridi ingezifanya zishindwe kuziba. Waliopinga hofu hiyo walikuwa na la kusema: pete zilipata hitilafu katika safari za baridi, lakini pia katika safari iliyorushwa kwenye joto la nyuzi 24 hivi. Ukizitazama safari saba zenye hitilafu peke yake, zimesambaa kuanzia nyuzi 12 hadi 24, na jicho halioni baridi ikifanya lolote. Zilizokosekana ni safari ambazo pete zake zilikuwa salama. Tume iliyochunguza ajali iliziingiza, na picha ikageuka. Safari nne zilizorushwa pete zikiwa kwenye nyuzi 17 au chini ya hapo zote zilipata hitilafu. Safari 20 zilizorushwa kwenye nyuzi 19 au zaidi, tatu tu ndizo zilizopata. Challenger kilipasuka sekunde 73 baada ya kuruka, na watu saba waliokuwa ndani walikufa. Siwezi kusema grafu moja ingebadilisha uamuzi wa usiku ule, kwa kuwa wahandisi walikwisha kushauri kusubiri na walizidiwa na mambo mengine zaidi ya namba. Ninachosema ni kwamba nukta za mafanikio zina ushahidi sawa na nukta za kushindwa, na anayechora upande mmoja amekwisha kuamua jibu kabla ya kuangalia.

Wapo pia wanaotahadharisha kwamba jicho la binadamu huona mpangilio hata pasipo na mpangilio. Nukta zilizomwagwa kwa bahati tu hujikusanya hapa na kuacha uwazi pale, nasi tunaanza kusimulia sababu. Nakubaliana nao kabisa, na ndiyo maana sidai kwamba mchoro unatosha. Mchoro hutoa swali na hesabu hulipima. Jicho likisema kuna makundi mawili, hesabu iulizwe kama utengano huo ungeweza kutokea kwa bahati. Kosa ninalolipinga ni la kuanza na hesabu pale ambapo hatujui tunauliza nini, halafu kuuchora wastani wenyewe kama mhimili mmoja wa rangi na kuuita uwasilishaji wa takwimu.

Kwamba siku hizi kompyuta inafanya yote haya kwa kubofya mara moja, hilo kwangu linaongeza haja badala ya kuipunguza. Zamani aliyetafuta wastani wa alama mia mbili alilazimika kuipitia kila alama kwa kalamu, na katika kupitia huko aliona kama mbili zimeandikwa 500 badala ya 50. Kompyuta huichukua hiyo 500 bila kusita na kukurudishia wastani wenye nafasi nne za desimali. Mmarekani John Tukey, ambaye kitabu chake cha mwaka 1977 juu ya uchunguzi wa takwimu kiliibadilisha taaluma hii, alipendekeza njia ya kutazama ambayo haihitaji umeme wala karatasi ya grafu. Andika makumi upande wa kushoto, yawe shina, na mbele ya kila shina andika tarakimu za mwisho, ziwe majani. Mkondo A utakuwa na mashina mawili tu. Mbele ya 4 utaandika 4, 6, 8, 9, na mbele ya 5 utaandika 0, 0, 1, 2, 4, 6. Mkondo B utakuwa na shina la 2 lililojaa majani matano, kisha mashina ya 3, 4, 5 na 6 yakiwa tupu, kisha la 7 lenye majani manne na la 8 lenye moja. Mwalimu mwenye wanafunzi 90 darasani anaweza kuifanya kazi hii ubaoni kwa chaki ndani ya dakika chache, na alama zote zinabaki zimeandikwa, hakuna hata moja iliyopotea ndani ya mhimili. Ninashangaa kwamba njia rahisi namna hii haijapata nafasi kubwa zaidi katika shule zetu zenye uhaba wa vifaa.

Viongozi na waandishi wa habari watasema kwamba wao wanahitaji namba moja, kwa kuwa gazeti lina nafasi ndogo na redio haina picha. Hili linanigusa mimi moja kwa moja, maana hata sasa nazungumza nawe bila ya kukuonyesha chochote. Lakini umbo linaweza kusemwa kwa mdomo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Tanzania watu milioni 61.7, na ukiigawa idadi hiyo kwa eneo la nchi kavu unapata kama watu 70 kwa kila kilometa ya mraba. Mtangazaji anaweza kuishia hapo. Anaweza pia kuongeza sentensi moja, kwamba mkoa wa Dar es Salaam una zaidi ya watu 3,000 kwa kilometa ya mraba ilhali Lindi haifiki 20, na msikilizaji amekwisha kuliona umbo. Kadhalika matokeo ya mitihani: badala ya wastani wa shule, sema robo ya watahiniwa walipata chini ya alama fulani, nusu chini ya fulani, robo ya juu zaidi ya fulani, pamoja na alama ya chini kabisa na ya juu kabisa. Hizo ni namba tano, muhtasari ambao Tukey mwenyewe aliupendelea, na zinatamkika kwa pumzi moja. Tahadhari moja nisiifiche: namba tano nazo zinaweza kupitwa na uwazi ulio katikati ya makundi mawili, kwa hiyo aliyeziandaa lazima awe ameuona mchoro hata kama msikilizaji hatauona.

Limebaki pingamizi la watunga mitihani. Wanasema wastani una jibu moja na unasahihishika, wakati tafsiri ya grafu huleta majibu mengi, na wasahihishaji wenye maelfu ya karatasi hawana muda wa kupima maelezo. Hata hivyo Historia na Kiswahili husahihishwa kila mwaka kwa maelezo, kwa kutumia mwongozo unaosema hoja ipi ina alama ngapi. Swali la takwimu linaweza kuandikwa vivyo hivyo. Mpe mtahiniwa jedwali la wagonjwa wa malaria waliopokelewa na zahanati moja kwa kila mwezi wa mwaka, mwambie alichore, kisha umuulize kama zahanati hiyo iagize dawa kwa kufuata wastani wa mwezi, na kwa nini. Alama tatu ziwe za mchoro wenye vipimo sahihi, mbili za kutaja miezi ambayo wagonjwa wanaongezeka, mbili za kueleza nini kitatokea dawa zikiagizwa kwa wastani, na moja ya wastani wenyewe.